Ukiandikiwa dawa, lijue jina la kiini chake

Swali ninaloulizwa zaidi kwenye dirisha la dawa ni hili: "Mbona hii si ile ya mwezi jana?" Rangi imebadilika, boksi limebadilika, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa halifanani na la mwanzo. Anayeuliza mara nyingi ni mgonjwa wa presha au kisukari aliyeandikiwa na daktari wake wa familia, na wasiwasi wake ni wa haki kabisa. Kidonge hicho ndicho kinachomweka sawa kila siku, na leo kimekuja na sura ngeni.

Dawa huwa na majina mawili. Moja ni la biashara, ambalo kampuni imelichagua na kulisajili kuwa mali yake. La pili ni la kiini, yaani kile kinachotibu hasa, na hilo hutumika karibu dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya majina hayo mwaka 1953. Norvasc ni amlodipini. Glucophage ni metformini. Ventolin ni salbutamoli. Kampuni iliyogundua dawa hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Muda huo ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza kiini kilekile, na hizo ndizo tunazoziita jeneriki.

Mtengenezaji wa jeneriki harudii yale majaribio makubwa ya miaka mingi kwa wagonjwa, na hiyo ni sababu kubwa ya dawa yake kuwa nafuu. Anachotakiwa kuithibitishia mamlaka ya dawa ni kwamba kiini kinaingia kwenye damu kwa kasi na kiasi kinacholingana na cha dawa ya kwanza. Watu wenye afya hupewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, damu yao ikachukuliwa mara kwa mara kwa saa kadhaa, kisha vipimo vikalinganishwa. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi ninaoukuta hata kwa watu waliosoma, kwamba jeneriki inaruhusiwa kuwa na asilimia 80 tu ya dawa. Si kweli. Miligramu zilizoandikwa ni zilezile. Hiyo 80 imetoka kwenye kiwango cha asilimia 80 hadi 125 kinachohusu ulinganisho wa vipimo vya damu vya dawa hizo mbili, na si wastani peke yake unaotakiwa kukaa humo, bali makadirio yote, ya chini na ya juu. Jeneriki ambayo wastani wake umejikokota hadi karibu na 80 haiwezi kupita.

Kwa hiyo kinachonitia hofu zaidi si jeneriki yenyewe. Ni majina kugongana. Niliwahi kumhudumia mama mtu mzima aliyelalamika kizunguzungu na miguu kuvimba. Nilimwomba anioneshe dawa zote anazotumia. Mkobani mlikuwa na maboksi mawili ya amlodipini: moja lenye jina la biashara, aliloandikiwa na daktari wake, na jingine la jeneriki, alilopewa alipotoka hospitali. "Mwanangu, hii ni ya presha, na hii nilipewa ya moyo," aliniambia. Alikuwa anameza dozi mara mbili, tena kwa uaminifu mkubwa, bila kukosa hata siku. Nilimpigia daktari wake, akaamua kidonge kipi kibaki.

Ndiyo maana nawasihi: daktari anapokuandikia, mwombe aandike jina la kiini kwa herufi zinazosomeka, pamoja na nguvu ya kidonge na kazi yake mwilini. Ukienda kwa daktari mwingine yeyote, beba dawa zako zote, si orodha ya kichwani. Na boksi jipya likija, tafuta jina lile la kiini, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, ulinganishe na la boksi la zamani kabla hujameza.

Zipo dawa ambazo mimi mwenyewe sipendi kuona zikibadilishwabadilishwa. Dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, wafarini ya kuzuia damu kuganda, lithiamu ya maradhi ya akili, takrolimasi kwa waliopandikizwa figo, levothairoksini ya tezi ya shingo: hizi zina nafasi finyu kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru. Miaka ya 1960 kule Australia, vidonge vya fenitoini vilibadilishwa kijazio tu, yaani unga usiotibu unaokijaza kidonge, kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi. Kiini kilikuwa kilekile, lakini kikaanza kunyonywa kwa wingi zaidi na wagonjwa wakapata sumu ya dawa. Mwaka 2017 nchini Ufaransa, malalamiko ya maelfu ya wagonjwa wa tezi yalihusu Levothyrox, levothairoksini yenye jina la biashara ambayo mtengenezaji wake mwenyewe alikuwa amebadilisha vijazio. Unaona basi kwamba jina kubwa peke yake si kinga; jambo la kushikilia ni kubaki na kidonge kilekile cha mtengenezaji mmoja, awe wa jeneriki au wa jina kubwa. Vivyo hivyo kwa vidonge vinavyoyeyuka polepole, na kwa pampu za pumu, ambazo kila moja ina namna yake ya kuvutwa.

Kuna mahali ambapo daktari anayekuandikia ndiye pia anayekuuzia. Korea Kusini ilitenganisha kazi hizo mbili mwaka 2000. Uingereza, baadhi ya madaktari wa vijijini wanaruhusiwa kutoa dawa kwa wagonjwa wanaoishi zaidi ya kilomita 1.6 kutoka famasi, na kwa mgonjwa asiyejiweza huo ni msaada wa kweli. Ila jicho la pili, la mfamasia, linakosekana, na faida ya mauzo inaweza kuuegemeza uamuzi upande mmoja. Uliza kwa heshima: "Daktari, dawa hii ina jeneriki? Kuna sababu ya kitabibu ya kunipa hii?" Daktari mzuri hachukii swali hilo. Wakati mwingine sababu ipo, na utaielewa.

Dawa bandia ni suala jingine. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Wanaoghushi hawachagui jeneriki peke yake. Jina maarufu nalo huigwa. Nunua penye leseni, na utazame namba ya toleo na tarehe ya mwisho.

Ukihisi tofauti baada ya kubadilishiwa, usiache dawa kimyakimya. Presha ipimwe, sukari ipimwe, au kiwango cha dawa kwenye damu kama ni ya kifafa. Kipimo kikionesha mabadiliko, rudi na maboksi yote mawili ili daktari aone kila moja limetoka kiwanda gani, kisha aandike jina la kiwanda kwenye cheti chako cha dawa.