Kidege hiki kinadaka au kidege huyu anadaka?

SWALI: Mimi ni mlezi wa chama cha wanyamapori katika shule iliyo jirani na Msitu wa Kakamega. Mwanafunzi aliandika hivi kwenye bango kuhusu ndege aitwaye kisayansi Fraseria lendu: "Kidege hiki ni adimu. Anakaa juu mitini na kinadaka nzi hewani." Nilimkosoa, lakini kwenye majilisi tunabishana: ni "kidege hiki" au "kidege huyu"?

JIBU: Ulifanya vyema kumkosoa, mwalimu, ila "hiki" haina hatia. Kosa ni kuanza na "hiki", kurukia "anakaa", kisha kurudi kwenye "kinadaka".

"Kidege" ni udogo wa "ndege", na udogo huingia ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana kwenye mtihani "ndege yule analia" hugeuka "kidege kile kinalia". Wanaotetea "huyu" nao wana kanuni yao, na ni ya kweli: kiumbe hai hufuata A-WA hata jina lake likianza na ki-. Kipepeo huyu anaruka, kiboko yule amezama. Lakini hayo si maneno ya udogo; kinyonga si nyonga iliyopunguzwa! Uhai ndio unaoamua hapo, na ndiyo sababu kifaru huyu ana pembe ilhali kifaru hiki cha jeshi kina mzinga. "Kidege huyu" utaisikia sana mitaani, nami sigombani na anayeisema mradi aendelee na "anakaa" na "anadaka".

Kwa bango lenu, hata hivyo, ningefuta "kidege" kabisa. Umbo la udogo hudokeza udogo, na mara nyingi hubeba hisia, mapenzi au dharau, ila halitoi kipimo kamili. Na hapa kipimo ni muhimu. Ndege huyo, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1932 na Mmarekani James Chapin na kupewa jina la Lendu, nyanda za juu za Kongo, hapa Kenya anajulikana kutoka misitu ya Kakamega na Nandi. Humo humo mna ndege mwingine, Muscicapa adusta, wa kawaida zaidi, naye pia ana rangi ya kijivu na hukaa kimya tawini, akachomoka kudaka mdudu. Mgeni huwachanganya kwa urahisi. Mojawapo ya tofauti zao ni kwamba yule adimu ni mkubwa kidogo, na kijivu chake kimekolea zaidi. Ukimwita "kidege", msomaji atamtafuta yule mdogo.

Andikeni: "Ndege huyu ni adimu. Ni mkubwa kidogo kuliko Muscicapa adusta. Hukaa juu mitini na kudaka nzi hewani." Mkitaja viungo vyake, kila kiungo kifuate ngeli yake: mdomo wake, macho yake, miguu yake. "Mdomo yake" ndiyo ingestahili wino mwekundu.