Mama akidai kurudi kwao jioni

Pole sana, dada. Umesema mama yako mwenye demensia, maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu, hudai arudishwe kwao kila ikifika jioni, nawe ukimjibu, "Hapa ndipo kwako," anazidi kulia. Usibishane naye. Mara nyingi anachokitafuta ni utulivu, si nyumba. Mshike mkono, mwulize, "Kwenu kulikuwaje?" Kisha mpe kitu cha kufanya. Marehemu baba yangu alitulia akikunja taulo. Ileile, hata mara kumi. Washa taa kabla giza halijaingia, maana vivuli huwatisha wagonjwa kama yeye. Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke hospitali: huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, nayo yanatibika. Na tafadhali, tafuta mtu akupokee zamu ulale.