Kabla hujatoa hela yako kwa sarafu ya kale ya Marekani

Anayeanza kukusanya sarafu za kale za Marekani huangalia mwaka kwanza, na wauzaji wajanja humsubiri hapo hapo. Mwaka peke yake haupangi bei. Dola za fedha za aina ya Morgan (jina la msanii wake) zilizotoka kiwanda cha Philadelphia mwaka 1921 ni zaidi ya milioni 44, na mpaka leo zimejaa kwenye kila duka la sarafu. Dola za Morgan za mwaka 1893 zenye herufi S kwa nyuma zilitengenezwa 100,000 tu, na hata iliyochakaa vibaya huuzwa kwa maelfu ya dola. Zote mbili zina gramu 26.73, na zote ni fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Ukizipeleka kuyeyushwa, sonara atakulipa sawasawa. Kinachozitenganisha ni mwaka ukisomwa pamoja na herufi moja ndogo kama punje ya mtama.

Nafanya kazi kwenye duka la sarafu huku Marekani, na Waswahili wenzangu, wa huku na wa nyumbani, huniuliza sana waanzie wapi. Ninachowaambia ni hiki: katika ukusanyaji huu pesa yako inanunua uhakika. Uhakika kwamba sarafu ni yenyewe, kwamba herufi iliyo nayo ilitoka nayo kiwandani, na kwamba uso wake haujachezewa. Hasara ninazoziona zikiwapata wanunuzi wapya, karibu zote, hutokana na kulipia vitu hivyo vitatu bila kuvihakiki.

Tuanze na herufi. Kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani kilianzishwa Philadelphia mwaka 1792, na baadaye yakafunguliwa matawi. Kila tawi liliweka alama yake: S ni San Francisco, O ni New Orleans, D ni Denver, CC ni Carson City kule Nevada, tawi lililofanya kazi kwa vipindi kati ya mwaka 1870 na 1893, na ndiyo maana watu huzigombania sarafu zake. Ukikuta D kwenye sarafu ya dhahabu ya kati ya 1838 na 1861, hiyo ni Dahlonega, Georgia. Denver ilikuwa haijaanza. Philadelphia yenyewe kwa muda mrefu haikuweka herufi yoyote, kwa hiyo usidanganywe na anayesema sarafu isiyo na herufi ni "kosa la kiwanda" lenye thamani kubwa.

Jua pia kwamba idadi iliyotengenezwa si idadi iliyobaki. Kwa sheria ya Pittman ya mwaka 1918, dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa, na hakuna aliyeandika zilikuwa za miaka gani. Kinyume chake, dola ya 1903 yenye herufi O ilihesabika kuwa adimu mno kwa miongo mingi, hadi mwaka 1962 mifuko iliyokuwa imelala kwenye hifadhi za Hazina ilipofunguliwa. Zikamwagika sokoni na bei ikaporomoka. Kwa hiyo muuzaji akikutajia idadi, muulize zimebaki ngapi, na katika hali gani.

Sasa, penye herufi ya thamani hapakosi mchakachuaji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ya kujifunza kwa mikono.

Chukua senti 1 ya Lincoln ya mwaka 1914 yenye D. Zilitengenezwa kama milioni 1.2, idadi ndogo sana kwa senti, na wakusanyaji wanaitafuta. Senti ya 1944 yenye D ni ya kawaida kabisa. Mtu mwenye kisu chembamba na subira huichonga 4 ya kwanza ikawa 1, na mwaka ukasomeka 1914. Kwa macho matupu utaapa ni yenyewe. Shika lenzi ya kukuza mara kumi, utazame chini ya bega la Lincoln, pale koti linapokatika. Ukiziona herufi V.D.B. zimejificha pale, rudisha sarafu kwa mwenyewe. Hizo ni herufi za jina la msanii, Victor David Brenner. Ziliondolewa kwenye senti mwaka uleule zilipoanza, 1909, na kurudishwa begani mwaka 1918. Senti ya 1914 haiwezi kuwa nazo. Mchakachuaji anayelijua hilo huzikwangua, kwa hiyo tafuta pia mikwaruzo mahali hapo, kisha linganisha nafasi kati ya 9 na 1: kwenye ya kuchonga huwa pana kupita kawaida.

Senti ya 1943 nayo ina kisa chake. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zilitoka kwa shaba kwa bahati mbaya, na hizo ni mali. Nyingi zinazoonyeshwa ni za chuma zilizopakwa rangi ya shaba. Sumaku inamaliza ubishi: ya chuma inanasa. Isiponasa, ipime, ya chuma ina gramu 2.70, ya shaba gramu 3.11. Ikipita na hapo, tazama mkia wa ile 3. Kwenye senti halisi ya 1943 mkia unashuka chini ya tarakimu nyingine. Senti za 1948 zilizokatwa 8 ili iwe 3 hazina mkia huo.

Ile dola ya 1893 yenye S niliyoanza nayo nayo hughushiwa kwa kugundishiwa herufi. Kwenye halisi kuna mstari mwembamba ulioinuka, umelala mshazari, kwenye sehemu ya juu ya T ya neno LIBERTY, kwenye utepe wa kichwani wa mwanamke aliye usoni mwa sarafu. Na senti 10 ya mwaka 1916 yenye D, zilizotengenezwa 264,000, ni vivyo hivyo: herufi nyingi unazoziona zimebandikwa. Kwa sarafu za namna hii usijifanye hodari. Nunua iliyokwisha kuthibitishwa, au usinunue.

Kuna moja inatuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja: dola ya mwaka 1804. Naonyeshwa picha zake, na mara nyingine zinakuja na maelezo kwamba ilitoka kwa Sultani. Maelezo hayo yana mzizi wa kweli, na ningependa ujulikane vizuri. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan kule Muscat, Sayyid Said huyuhuyu aliyeigeuza Unguja kuwa makao yake. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja, na kitambaa chao ndicho kilichoitwa merikani. Roberts aliporudi mwaka 1835 kubadilishana hati za mkataba, alikuja na zawadi, na miongoni mwake seti ya sarafu za Marekani. Kiwanda kilikuwa kimeandaa seti hizo mwaka 1834. Vitabu vyake vilionyesha dola zilitengenezwa mara ya mwisho mwaka 1804, basi wakaandika mwaka huo, ingawa dola zilizotoka kiwandani mwaka 1804 zilikuwa na tarehe za nyuma.

Dola inayoaminika kuwa ya seti ya Sayyid Said ipo. Iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, na tena mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68. Kwa aina zake zote, dola za 1804 zinazojulikana duniani hazifiki 20, na kila moja wamiliki wake wanafuatiliwa mmoja baada ya mwingine. Iliyoko kwenye sanduku la babu ni nakala. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inataka nakala iandikwe neno COPY. Za matapeli hazina, na za zamani zaidi hazikulazimika kuwa nalo.

Jambo la pili ni uso wa sarafu, na hapa nasema kwa msisitizo wote nilio nao: usisafishe. Kwetu fedha ikififia inasuguliwa kwa ndimu na majivu, siku hizi dawa ya meno, na bangili inarudi kung'aa. Sarafu haivumilii hilo. Ilipobanwa na mashine kiwandani, madini yalitiririka na kuacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho. Ukiiinamisha polepole chini ya taa, mwanga unazunguka usoni pake kama unatembea. Mng'ao huo hauwezi kurudishwa na mtu yeyote. Ukisugua mara moja tu umeshakata mifereji hiyo, na badala ya mwanga unaotembea unabaki na ung'avu mkavu, uliojaa mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Mnunuzi mzoefu anaiona kabla hajaishika. Rangi ya kijivu, ya dhahabu au ya buluu inayojiumba juu ya fedha kwa miaka mingi ni ushahidi kwamba sarafu imeachwa salama, na wapo wanaolipa zaidi kwa ajili yake.

Kampuni za kuthibitisha hupanga sarafu kwa namba kutoka 1 hadi 70, mfumo uliotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuwahi kutumika. Mbili zinazotegemewa zaidi ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, ya mwaka 1987. Huifungia sarafu kwenye kesi ngumu ya plastiki yenye namba yake. Iliyosafishwa hurudi na maandishi yanayosema hivyo, bila namba ya daraja.

Hata hivyo, jifunze kupima mwenyewe. Kwenye dola ya Morgan, uchakavu huanza kwenye nywele juu ya sikio la yule mwanamke, na kwenye kifua cha tai upande wa pili. (Sura hiyo ni ya Anna Willess Williams, mwalimu wa Philadelphia, aliyekubali kuchorwa na George Morgan.) Angalia pia shavu. Dola hizi zilisafirishwa kwenye mifuko ya elfu moja moja, zikigongana, kwa hiyo isiyowahi kutumika inaweza kuwa na shavu lililojaa alama. Usichanganye alama za mfuko na uchakavu. Bei zake ni tofauti kabisa.

Na kesi zenyewe siku hizi zinaghushiwa. Ingiza namba ya kesi kwenye tovuti ya kampuni husika, ulinganishe picha ya sarafu na unayoiona mbele yako: doa kwa doa, alama kwa alama. Mwaka na daraja kulingana hakutoshi, kwa sababu tapeli hunakili namba ya kweli.

Kuhusu kununua, nitakuwa mfupi. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa sarafu na kukupa risiti inayotaja mwaka, herufi na daraja. Chama cha wakusanyaji wa Marekani, ANA, kipo tangu mwaka 1891, na wauzaji wanachama wanafungwa na kanuni zake; anza na hao. Usimtumie mtu usiyemjua pesa ambayo hakuna njia ya kuirudisha, hata akikuita ndugu. Mnadani, kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa nyundo ikigongwa, kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi karibu asilimia 20. Iondoe kwenye bajeti yako kabla hujanyoosha mkono. Na muulize muuzaji swali hili uso kwa uso: leo ningekuletea sarafu hii hii, ungenipa ngapi? Jibu lake litakufundisha pengo la bei kuliko kitabu chochote.

Kwa wanaohifadhi Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, adui wenu ni unyevu na chumvi ya hewani. Weka sarafu kwenye chombo kinachofungika vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali. Hutoa utelezi wa kijani unaokula madini. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, usije ukaidondosha sakafuni.

Ukiniuliza ununue nini kwanza, nitakupeleka kwenye senti 10 za Mercury, za mwaka 1916 hadi 1945. Ni fedha asilimia 90, nyingi bei yake ni ya kawaida, na kwa kuzikusanya mwaka baada ya mwaka, herufi baada ya herufi, jicho lako litazoea mng'ao halisi. Ile ya 1916 yenye D iache mpaka mwisho. Acha kabisa sarafu za dhahabu mwaka wako wa kwanza, kwa sababu ughushi wake ni wa hali ya juu na hasara yake ni kubwa.

Na tangu ununuzi wa kwanza, fungua daftari. Dukani kwetu huja wajane na watoto wa marehemu wakiwa na boksi la sarafu wasilolielewa, na wengine wameshapita kwa mnunuzi wa vyuma aliyewapimia kwa kilo. Andika kila sarafu: mwaka, herufi, namba ya kesi, bei uliyolipa, uliyenunua kwake, na tarehe. Chini yake andika majina ya maduka mawili ambayo familia iyaulize kabla ya kuuza chochote, na umwambie mtu mmoja nyumbani daftari linakaa wapi.