Ngalawa, dau au faiba? Majibu kwa wanaotafuta chombo cha kwanza

SWALI: Shikamoo nahodha. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Raskazone hapa Tanga. Miaka 34 nimefundisha hisabati Singida na Tabora, sasa nimerudi nyumbani na bahari naiona dirishani kila asubuhi. Nataka chombo kidogo, si cha biashara. Nataka kuvua mshipi na mjukuu wangu wa miaka 13, tupate kitoweo na kupunga upepo. Kijana mmoja ananiuzia boti ya faiba yenye mashine ya nguvu farasi 15. Jirani anasema nitafute ngalawa, shemeji anasema dau. Mama watoto hataki kusikia habari za chombo chochote. Nianzie wapi?
Mwalimu, Raskazone

JIBU: Marahaba mwalimu, na karibu nyumbani.

Kabla hujachagua chombo, chagua maji. Umesema mshipi, mjukuu na kitoweo. Basi maji yako ni ya ndani ya ghuba, kuanzia hapo ufukweni mpaka kuzunguka kisiwa cha Toten, na siku bahari ikitulia, kingo za miamba zilizo karibu. Huendi kutafuta jodari mkondo mkubwa, wala hulali baharini. Kwa maji hayo mimi nakushauri ngalawa, na nitakueleza kwa nini.

Ngalawa huchongwa kwa gogo, na ina ndubi zake mbili, ile miti ya pembeni inayoelea, kushoto na kulia. Mtoto akisimama ghafla kwa sababu samaki amevuta, chombo hakilali. Ukiijaza maji kwa bahati mbaya, ule mti wenyewe unaelea, mtaushikilia. Haihitaji farumi, yaani uzito wa kuituliza majini, na watu wanne wanaipandisha mchangani bila kuumia migongo. Dau ni chombo kizuri, nimekula kwa dau miaka mingi, ila linataka mabaharia, linataka farumi, na likikauka juu ya mchanga mbao zinaachana, utatumia siku nyingi kulikalafati, yaani kuziba mishono yake kwa pamba, kuliko kuvua. Boti ya faiba ni nyepesi na haiozi, lakini bila mashine haina mwendo wa maana. Mashine nayo ni mafuta, ni plagi, ni fundi, ni mlinzi wa usiku. Tena mtu aliyeanza na mashine huwa hajifunzi upepo. Siku mashine inazima nje ya mwamba, anakaa anaangalia pwani inavyokwenda zake.

Kwa hiyo ngalawa ya mwembe, futi 18 hadi 20, yenye tanga dogo. Ukishamaliza mwaka mzima, mashine utaiongeza ukitaka.

Sasa, kununua. Hapa naomba unisikilize sana, mwalimu, kwa sababu mimi niliumia.

Nilikuwa na miaka 22. Nilinunua dau katika diko moja la jirani, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, limepakwa rangi ya buluu mpya inang'aa. Nililiona likiwa majini, limebeba watu, linakwenda vizuri. Nikatoa fedha ya misimu miwili ya uvuvi. Wiki ya tatu, tukiwa nje ya kisiwa cha Ulenge na upepo umepanda, mshono mmoja karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, ulifunguka. Tulikuwa watatu. Mmoja alishika usukani, wawili tulifua maji kwa ndoo na kwa sufuria ya ugali mpaka mikono ikafa ganzi. Tulifika. Baba yangu, ambaye alikuwa fundi wa vyombo, hakunikemea. Alisubiri maji yakupwe, akaingia chini ya lile dau, akachomoa kwa vidole pamba iliyooza, matambara, na vipande vya saruji. Saruji, mwalimu, ndani ya mshono wa chombo! Mataruma mawili, zile mbavu za chombo, yalikuwa laini kama mkate. Rangi ilikuwa imepakwa ili mtu kama mimi asione.

Tangu siku hiyo sijanunua chombo nilichokiona majini tu. Fanya hivi: mwambie muuzaji akipandishe mchangani, ukifuate mchana jua likiwa kali, na uende na fundi ambaye si ndugu wa muuzaji. Chukua kisu chenye ncha. Choma polepole kwenye mkuku, kwenye tezi kule nyuma, mahali miti miwili ya kukingama inapokalia mwili wa ngalawa, na ndani kabisa kule maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini, yanakolala. Mti mzima hukataa ncha, mti uliooza huipokea. Gonga kwa kifundo cha kidole ukiwa unatembea kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi. Mlio ukibadilika ukawa mzito, simama hapo, usiendelee mpaka ujue sababu. Tazama misumari. Ukiona michirizi ya kutu inateremka kutoka kwenye kichwa cha msumari, ule umeshaliwa ndani.

Halafu angalia vitobo. Kuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Nje wanaacha tundu dogo kama la sindano, ndani wamechimba njia ya unene wa kidole. Ukiona tundu moja, usiridhike kwamba ni moja.

Mwisho, mimina madumu manne au matano ya maji ndani ya ngalawa ikiwa juu ya magogo, kisha lala chini uchungulie. Penye ufa patalia. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia jambo hili. Akikataa, mshukuru na urudi nyumbani.

Usimalize fedha yote kwenye chombo. Theluthi moja iweke pembeni: tanga likichoka, kamba za kufungia ndubi, nanga na kamba yake, makasia mawili, upondo wa kusukumia chombo, maboya ya kuvaa ya watu wote, na la mjukuu liwe la kimo chake. Hilo la mjukuu linunue kabla ya ngalawa. Umpelekee mama watoto alione kwanza. Mimi najua hofu ya mke wa baharia ilivyo, wangu aliishi nayo miaka 40, na haiondolewi kwa maneno. Huondolewa kwa kurudi saa uliyosema utarudi.

Karatasi zisikusumbue, ila zisiachwe. Chombo cha uvuvi kinasajiliwa na kulipiwa leseni, na mvuvi naye ana leseni yake. Nenda kwa afisa uvuvi wa jiji, na ujitambulishe kwa wenzako wa BMU, kile kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ya diko utakaloegesha. Mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya mtaa, na namba ya zamani ya chombo ihamie kwenye jina lako. Jua pia mipaka. Ulenge ni hifadhi, Maziwe kule Pangani ni hifadhi tangu 1975, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009, inaanzia kaskazini kidogo ya jiji mpaka karibu na Pangani, ghuba yetu na Toten zikiwa ndani yake, nayo ina taratibu zake. Uliza kabla ya kutia nanga.

Umeandika wakati wa Kusi, upepo wa kusini, na hilo ni jema. Juni na Julai bahari imechafuka, vyombo vingi viko juu, na mwenye chombo juu hujadiliana bei kwa utulivu. Tumia miezi hii kutafuta, kukagua na kutengeneza. Teremsha majini mwezi wa Oktoba, tangambili ikianza, Kusi limechoka na Kaskazi, upepo wa kaskazini, halijaingia. Februari na Machi kuna siku bahari inatulia kama mafuta ndani ya sahani. Hapo ndipo utakapotoka nje kidogo.

Wewe ni mtu wa hisabati, basi maji utayapenda. Kwetu pwani hii bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kutoka kujaa mpaka kukupwa ni saa sita na dakika chache, lakini maji hayatembei sawasawa: saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakwenda mbio, saa ya mwisho yanalegea tena. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kukupwa hapa Tanga ni zaidi ya mita tatu. Ukiiacha ngalawa mahali pabaya, utakuta imekaa juu ya matope na wewe una saa tano za kuisubiri. Mwandikie mjukuu hesabu hizo kwenye daftari, akisie leo maji yatajaa saa ngapi, kisha mkatazame pamoja. Mimi nilifundishwa hivyo kwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo, na mpaka leo nikiuona mwezi najua maji yako wapi.

Kwa mshipi, maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua mbili, ni rafiki wa anayeanza, kwa kuwa mkondo ni mdogo na chubwi jepesi, kile kizito cha mshipi, linafika chini. Tia nanga mahali mchanga unapokutana na mwamba, si juu ya matumbawe yenyewe, maana nanga inavunja nyumba za samaki na huipati tena. Kamba ya nanga iwe mara tatu ya kina au zaidi. Chambo cha ngisi kinakaa vizuri kwenye ndoana kuliko dagaa. Changu hudonoa mara mbili tatu kabla ya kumeza, kwa hiyo usivute kwa mdono wa kwanza. Ngoja uzito. Ukisikia mvuto mmoja mzito kisha kimya, kama umenasa kwenye jiwe, huyo huenda ni chewa ameingia shimoni. Legeza mshipi, subiri, akijisahau akatoka, vuta bila kusita. Tasi usimtafute kwa ndoana, anakula majani, huyo ni wa dema, ule mtego wa kusukwa. Na mkipata bunju, yule anayejivimbisha tumbo, mrudisheni majini bila kumwonea huruma ya sufuria. Ana sumu inayoua.

Kila mwezi, siku za bamvua, ipandishe ngalawa juu. Paruza uchafu, kausha, washa makuti makavu upitishe moto chini ya mwili wake kwa haraka ili wale wadudu wafe, kisha paka sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake itakufuata mpaka msikitini, lakini mti utadumu. Kazi hiyo usimwachie mtu. Mikono yako ikipita juu ya ule mti kila mwezi, utaujua ufa siku unapozaliwa.

Boti ya faiba ya yule kijana mwache nayo kwa sasa.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina boti ndogo na mashine ya nguvu farasi 15 niliyonunua mtumba. Ikiwashwa inawaka vizuri. Nikienda kama dakika kumi inazima. Nikipumzika kidogo inawaka tena, kisha inazima tena. Fundi amebadilisha plagi mara mbili na bado. Juzi nilipelekwa na mkondo mpaka nikaokolewa na wavuvi wa dagaa.
Kijana wa Moa, Mkinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na wape wale wavuvi zawadi kama hujawapa.

Kabla ya kumlipa fundi tena, tazama kizibo cha tanki la mafuta. Juu yake kuna skrubu ndogo ya hewa. Ikifungwa, au tundu lake likiziba kwa chumvi, mashine inavuta mafuta lakini hewa haiingii tankini kuchukua nafasi yake, mwishowe mafuta yanakataa kuja. Dalili ni hiyo hiyo uliyoieleza. Mashine ikizima, shika ule mpira wa kupampu mafuta. Ukiukuta umenywea, legeza skrubu. Ukisikia hewa inaingia kwa mlio, umepata ugonjwa wako.

Kama mpira umejaa vizuri, basi mimina mafuta yote kwenye chupa angavu na uyaache usiku kucha. Maji yakiwemo yatakaa chini. Safisha tanki na chujio. Kisha angalia mchanganyiko. Mashine nyingi za aina hiyo zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, maana yake dumu la lita 20 linataka mililita 400. Za zamani hutaka oili zaidi, kwa hiyo soma maandishi ya mashine yako, usikadirie kwa jicho. Na kila ukirudi, iwashe ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika tano. Maji yasipotoka kwa nguvu kwenye lile tundu la nyuma, izime mara moja.

Mpaka upone ugonjwa huu usitoke bila makasia mawili na nanga. Ukifungua plagi, tazama rangi kwenye ncha yake. Ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye majimaji ina oili nyingi, nyeupe inaungua. Niandikie uliyoikuta.