Mkuu, hizo mbegu ulizoanika usizipande

Umetujia na boga la michirizi kutoka soko la wakulima, unauliza linaitwaje, linapikwaje, na kama ukipanda mbegu zake utavuna yaleyale. Ngoja nianze na hilo la mbegu, maana limeshanitoa jasho.

Langu lilikuwa dogo la duara, kijani na njano kama jezi. Tamu balaa. Muuzaji akanihakikishia, "Panda mbegu zake, utapata hayahaya." Nikaanika kwenye gazeti kama wewe, nikang'oa nyanya zilizokuwa zinazaa kabisa ili kuwapisha wageni. Miezi mitatu namwagilia. Yalipozaa, moja refu, jingine lina vinundu kama chura, jingine sijui limefuata ukoo gani. Nikacheka, nikayapika.

Kijiko cha kwanza, uchungu wa kukaba koo. Na mimi kwa akili zangu nikawaambia watu wa nyumbani, "Kuleni, chungu ndiyo dawa." Nikaongeza na chumvi! Usiku huo choo kilikuwa na foleni, na mpishi akaamriwa awe wa mwisho. Kutapika, kuharisha, tumbo linakata kama wembe. Mmoja wetu alitundikiwa dripu. Kulipokucha nikafyeka kitalu chote.

Kumbe zukini (yale maboga machanga marefu kama tango), maboga mengi madogo na yale ya mapambo ni spishi moja, Cucurbita pepo. Nyuki akitoka kwenye ua la boga la mapambo la jirani anaingia kwenye lako bila hodi. Tunda la msimu huo linabaki tamu, mchanganyiko unajificha kwenye mbegu. Ukizipanda ndipo unaweza kukutana na kukurbitasini, sumu chungu ambayo hata uchemshe vipi haiishi. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini chungu za bustanini. Mimi nilikuwa nasema dawa.

Yule muuzaji nilimrudia. Unajua aliniuliza nini? Kama nilimwagilia vizuri. Nilimwagilia vizuri, ndiyo shida yenyewe! Mtu hajui boga lake lilipandwa jirani na nini, lakini ushauri anautoa kwa kifua mbele.

Ukitaka mbegu, nunua za pakiti. Au funga ua jike na ua dume jioni kabla hayajafunguka, asubuhi chavusha kwa mkono, kisha ulifunge tena lile jike nyuki asije akamalizia kazi.

Na hilo lililoko mezani kwako, kabla halijaona sufuria, kata kipande kibichi cha ukubwa wa ukucha, gusisha kwenye ulimi. Kikiwa kichungu, tema, boga lote litupe, hata kama umeshalipiga picha. Fanya hivyo kwa kila tunda, si moja kwa niaba ya wenzake. Onja sasa hivi, utuambie.