Silikoni ya zamani na titi lililokuwa gumu: jibu kwa dada wa Makambako

Dada, nimesoma uzi wako na michango yote hadi ya mwisho. Nimeona nikujibu kwa urefu, maana wengi humu wanaongea ya kusikia. Kwa ambao hawajapitia huko juu: dada aliwekewa silikoni, yaani vile vifuko vya kukuza matiti, mwaka 2008 akiwa nje ya nchi. Sasa titi la kushoto limekuwa gumu, limepanda juu kuliko mwenzake, ila haliumi, ingawa asubuhi za baridi anahisi ubaridi ndani yake. Muuguzi mmoja kamwambia silikoni ikipita miaka 10 imeisha muda wake, aitoe haraka. Shoga yake anamwambia kisichouma kiache kilivyo. Anauliza amsikilize nani.

Mimi zangu niliwekewa mwaka 2006 Johannesburg, enzi nafuata mzigo kwa njia ya Tunduma, na zilitolewa Dar es Salaam baada ya kukaa nazo zaidi ya muongo mmoja. Sio daktari, nauza vitenge Mwanjelwa. Ninayokuambia ni yale niliyopitia na yale niliyowauliza madaktari mpaka wakanichoka.

Muuguzi wako ana nusu ya ukweli. Silikoni haijagongwa muhuri wa tarehe ya mwisho. Hakuna sheria ya kitabibu inayosema ikifika miaka 10 itolewe hata kama iko salama. Kilicho kweli ni kwamba haikutengenezwa ikae mwilini maisha yote, na kadiri inavyozeeka ndivyo uwezekano wa ganda lake kuchoka na kupasuka unavyoongezeka. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inashauri mwanamke asiye na dalili yoyote apigwe ultrasaundi au MRI (picha ya mashine ya sumaku) miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Wanasema upigwe picha, hawakusema ukimbilie kisu. Na wewe tayari una dalili, kwa hiyo hesabu hiyo ya miaka haikuhusu tena. Nenda kapige picha.

Shoga yako sasa. Huyu ndiye mwenye ushauri wa hatari, ingawa naona ana nia njema. Silikoni za zamani zikipasuka mara nyingi hazitoi taarifa. Vifuko vilivyojazwa maji ya chumvi badala ya jeli vikipasuka titi linasinyaa, mtu anaona kwenye kioo. Jeli ya silikoni ni nzito, na mwili wenyewe ulishaizungushia utando wa kovu tangu mwanzo, kwa hiyo ganda likipasuka jeli inaweza kubaki humohumo ndani ya ule utando na titi likaonekana vilevile. Huumwi, huhisi chochote. Yangu ya kulia ilikuwa hivyo. Titi nililolalamikia lilikuwa la kushoto, picha ikaonyesha la kushoto ganda lake ni zima na la kulia ndilo lililopasuka. Kwa hiyo wakipima, wapime yote mawili, hata kama mtoa huduma anataka kuangalia lile lenye shida tu.

Huo ugumu wenyewe ni nini? Ni ule utando wa kovu. Kila mwili huutengeneza kuzunguka kitu kigeni, hilo ni la kawaida kabisa. Kwa baadhi yetu unanenepa na kujikaza, unaibana silikoni mpaka titi linakuwa gumu, la duara mno, na linavutwa juu. Madaktari wanaupima ugumu huo kwa madaraja manne, yanaitwa ya Baker. La kwanza titi ni laini, la pili limekaza kidogo lakini kwa macho huoni kitu, la tatu ni gumu na umbo limebadilika, la nne linauma pia. Kwa maelezo yako naona uko la tatu, ila atakayesema kwa uhakika ni atakayekushika. Daraja la tatu na la nne mara nyingi ndipo upasuaji unazungumzwa. Sio dharura ya kupanda basi usiku huu. Na kwamba limekuwa gumu haina maana ni saratani, ingawa uvimbe mpya unaoweza kuushika peke yake, tofauti na ugumu wa titi zima, unachunguzwa kama uvimbe wa mwanamke mwingine yeyote.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna mchangiaji kakushauri ukandwe kwa maji ya moto na kubinywa kwa nguvu "mpaka ulainike". Usikubali! Zamani hata madaktari wenyewe walikuwa wakilibinya titi kwa mikono ili utando upasuke. Wakaiacha njia hiyo kwa sababu ilikuwa inapasua na silikoni yenyewe, au jeli inasukumwa nje ya utando. Kama mikono ya daktari mpasuaji ilileta hayo, ya mama mkandaji wa mtaani italeta nini? Wakandaji wetu nawaheshimu, mimi mwenyewe nimekandwa baada ya kila uzazi. Lakini silikoni ya miaka 17 na zaidi haikandwi. Na ule ubaridi unaouhisi ndani ya titi asubuhi za Juni na Julai, mimi pia nilikuwa nao, hasa nikitoka Uyole alfajiri. Vaa sweta, usiweke chupa ya maji ya moto kifuani, ngozi ya hapo inaweza kuwa imepoteza hisia ukaungua bila kujua.

Jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa mtoki wa kwapani. Jeli ikivuja nje ya utando inaweza kusafiri mpaka kwenye tezi za kwapa, zikavimba. Sasa fikiria mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini anaingia kituo cha afya na tezi zimevimba kwapani. Daktari ataanza kuuliza kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, atapima VVU, atawaza kifua kikuu cha tezi, atawaza saratani ya titi. Na yuko sahihi kabisa, huku kwetu ndivyo inavyopaswa. Lakini kama hajui una silikoni, hataiweka kwenye orodha. Mimi nilimwekea mezani kadi ya silikoni niliyopewa nilipopasuliwa, kabla hajauliza swali la pili. Kinyama kilichukuliwa kwa sindano, kikaenda maabara, majibu yakaja kwamba ni silikoni. Tezi hizo hazikutolewa, niliambiwa zisiposumbua zinaachwa.

Nasema hivi kwa sababu nawajua akina dada wa Njombe, Iringa na hapa Mbeya ambao wanalala kitanda cha ultrasaundi na kunyamaza, wanaona aibu. Wengine hata mume hajui. Mume ni habari yenu ndani. Ila anayekupima mwambie kabla hajakugusa. Kwenye mammogramu, ile eksirei ya matiti, ndiyo muhimu zaidi: silikoni inaficha sehemu ya titi, na fundi akijua anaisukuma nyuma na kuvuta nyama ya titi mbele, anapiga picha za ziada. Asipojua anabana tu, na sehemu ya titi haionekani.

Kitu kimoja ambacho hakisubiri wiki: titi moja likivimba ghafla, likawa kubwa kuliko mwenzake, miaka mingi baada ya upasuaji. Hayo mara nyingi ni maji yaliyojikusanya kuizunguka silikoni. Sababu zipo nyingi, ikiwemo maambukizi au kuumia, lakini mojawapo ni aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu inayoota kwenye ule utando. Sio saratani ya titi. Imehusishwa zaidi na silikoni zenye ganda la kukwaruza kuliko zile laini, na ndiyo maana mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliziondoa sokoni duniani kote zile zake za ganda la kukwaruza ziitwazo Biocell. Wenye nazo wasio na dalili hawakuambiwa wazitoe. Ikiwahiwa, kutoa silikoni pamoja na utando wote mara nyingi kunatosha. Sasa sikiliza: wakivuta hayo maji kwa sindano, yasimwagwe. Yaende maabara ya patholojia, na kwenye fomu iandikwe kwamba mgonjwa ana silikoni na wanaomba kipimo cha CD30, alama inayotafutwa kwenye seli za saratani hiyo. Bila maelezo hayo maabara inaweza kutafuta bakteria tu na mkarudishwa nyumbani na antibayotiki.

Kuhusu uchovu na maungo kuuma ambayo mchangiaji mwingine kayataja, wapo wanawake wengi wanaosema walipata nafuu walipozitoa, na tangu 2021 FDA inataka waambiwe habari hizo kabla ya upasuaji. Kitaalamu bado ni mjadala. Mimi ningepima damu na tezi ya shingo kwanza, huku kwetu upungufu wa damu ni mwingi kuliko silikoni.

Tafuta kadi yako ya silikoni. Inapaswa kuwa na jina la mtengenezaji, ujazo, namba, na aina ya ganda. Kama huna, waandikie barua pepe waliokupasua waombe kumbukumbu za faili lako. Sio urasimu. Ufaransa mwaka 2010 iligundulika kampuni ya PIP ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani, si ya kitabibu, na zilikuwa zimeshauzwa nchi nyingi. Uliwekewa 2008, kwa hiyo jina lililopo kwenye kadi yako lina uzito.

Kama itafika kutoa: yangu ilikuwa usingizi kamili, mirija ya kutoa majimaji kwa siku kadhaa, na kutonyanyua mizigo kwa wiki nyingi, jambo gumu kwa mtu wa sokoni. Sikuweka nyingine. Matiti yamelegea, ngozi ina mikunjo, nimeizoea. Ukitaka kubadilishiwa ni hiari yako, ila ujue saa inaanza upya. Pesa jipange mwenyewe, bima zetu hazipendi kugusa kitu kilichoanza kwa urembo.

Ultrasaundi fanyia Mbeya au Iringa, usianze na safari ya Dar. Inaweza kukosa mpasuko mdogo, kwa hiyo ikiwa safi na titi bado linabadilika, au ikiwa na utata, ndipo uulize MRI, na upige simu kwanza kujua kama mashine inafanya kazi wiki hiyo. MRI ya kutafuta mpasuko haihitaji dawa ya kuchomwa mshipani, ukiambiwa uilipie uliza ni ya nini. Ukitoka, dai picha zenyewe kwenye CD pamoja na karatasi ya majibu, kwa sababu mpasuaji wa Dar atataka kuziangalia kwa macho yake, na bila hizo utalipia upya.