Barua kwa mwanangu: hiyo "mengineyo" ya pauni 300

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Salamu zimefika na orodha yako pia imefika, nimeifungua kwa simu maandishi yakawa kama mchele nikamuita mtoto wa jirani anikuzie. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. Ati lile gari la marehemu babako lilimgharimu shilingi ngapi mpaka likatembea, halafu ati pauni 7,500 zatosha wewe kujijengea gari la spoti hapo Leicester kwenye gereji ya nyumba, yaani ununue hiyo mnayoita kiti (mimi nilidhani ni cha kukalia, mtoto wa jirani akacheka mpaka akakaa chini), chesisi ya mabomba na bodi zije kwa maboksi, halafu injini na giaboksi uzitoe kwa Mazda MX-5 kuukuu. La kwanza ntalijibu. La pili tutaona.

Lakini wacha nianze na mstari wako wa mwisho maana umeninyima usingizi. Kiti 4,800, Mazda 1,200, tairi na rimu 600, ukaguzi na namba 600, mengineyo 300. Nimejumlisha mara mbili, hesabu iko sawa, hapo sina neno. Lakini mengineyo pauni 300? Mimi nimeshika vitabu vya hesabu miaka 27 kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kila aliyeniletea karatasi yenye "mengineyo" alikuwa ama ajua ni nini na hataki kusema, ama hajui kabisa. Wewe sijui uko wapi hapo.

Babako naye alikuwa na daftari. Lile la jalada la kijani, walikumbuka, ulilichorea meli ukapigwa. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa ile hati yake nzuri GARI 1987, halafu chini boliti, rezini (ile gundi ya kugandisha faiba), rangi, waya, kila kitu na bei yake, senti hazikosi. Chai hakuna! Mafundi watatu kila Jumapili kwa miaka mitatu, wanakunywa chai na mahamri na mbaazi, wakimaliza wanauliza chakula cha mchana ni nini, na kwenye daftari chai hakuna. Unga nani alinunua? Sukari je? Nilimwambia wakati ule na nawaambia nyote mpaka leo, daftari lisiloandikwa chai ni daftari la uongo.

Yeye huo ugonjwa aliupata mtoto. Safari Rally ya 1962 alishinda Fjastad na Volkswagen ile ya kobe, babako ana miaka kumi na miwili, kuanzia hapo ukimwambia kuna gari lingine duniani hakusikii. Halafu akiwa mtu mzima na watoto akaona picha ya yale magari ya ufukweni ya California, aliyoyaanzisha mtengeneza boti mmoja, Bruce Meyers, mwaka 1964. Wajua wanavofanya, wanatoa bodi ya kobe yote, ile sakafu wanaikata katikati wanaipunguza inchi kumi na nne na ushee, wanaunganisha tena, juu wanafunika na ganda la faiba. Babako akasema boti za faiba si zatengenezwa hapa Mtwapa, sasa mimi nashindwa na nini. Na ilikuwa wakati ule Moi ameshawaambia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde gari la Kenya, basi kila jioni ni hiyo hadithi, serikali imeanza mbele yangu mwaka mmoja lakini utaona nani atamaliza kwanza.

Jumamosi moja narudi kutoka Kongowea na kapu kichwani, nafungua mlango wa uani, nakuta gari letu liko vipande viwili. Gari letu nasema, si gari lake. Bodi iko kando juu ya matofali, sakafu nusu huku nusu kule, na yeye katikati ameshika msumeno anatabasamu kama mkunga. Nikamuuliza Jumatatu watoto wataenda shule na nini. Akasema ni kwa muda tu.

Muda wa miaka mitatu. Wewe ulikuwa unasimama kwenye matatu umeshika sketi yangu, hukumbuki. Nauli ya watoto kwenda na kurudi, yangu mpaka bandarini, teksi ya usiku dadako alivopata pumu, hakuna hata moja aliyoandika kwa lile la kijani. Mimi niliandika. Hili hulijui, nimelificha miaka yote hii, kulikuwa na daftari la pili.

Na ndani ya hilo la pili kuna ukurasa mmoja ambao hata leo nikiufungua uso wanichemka. Mwaka 1988 mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kuchangiana kwa zamu, wanawake 21, kila mmoja shilingi 200 kwa mwezi, kwa hiyo 4,200 zalala kabatini kwangu kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili tunapokutana. Babako Ijumaa akaja mbio, ati kuna mtu anauza mapipa ya rezini kwa bei ya kutupa leo tu, nimkopeshe mpaka Jumapili asubuhi kuna mtu atamlipa. Nikampa. Najua utasema kwa nini ulimpa mama. Nilimpa kwa sababu alivokuja alikuwa na furaha na mimi nilikuwa mjinga wa furaha yake, basi.

Wakamwaga ganda la kwanza Jumamosi hiyo hiyo. Lakini yule fundi wa boti alikuwa amesafiri, wakasema wao watajifanyia, na jua lile la Januari na wakatia hadina nyingi, ile dawa ya kugandisha rezini, ili ikauke upesi. Faiba ukizidisha hadina yapata moto yenyewe, nilikuwa jikoni nikasikia kitu kinalia tak tak tak kama kuni mbichi. Ganda zima likapasuka likajikunja kwenye kalibu. Na yule wa kumlipa hakutokea, wala sijui kama alikuwepo. Jumapili saa kumi nikasimama mbele ya wanawake 20 nikawaambia zamu ya mwenzenu nimeigeuza ganda la gari. Walicheka, ndio walicheka, wallahi ningependa wangenitukana. Nikalipa 350 kila mwezi kwa mwaka mzima. Kuna mmoja, yule wa nyumba ya mabati ya kijani, mpaka leo tukikutana msibani aniita "mweka gari". Na lile ganda likawekwa nyuma ya choo kuku wakatagia humo, hayo mayai ndiyo faida pekee niliyowahi kuiandika.

Sasa turudi kwako, nisije nikaambiwa sijajibu.

Nilimwambia mtoto wa jirani anionyeshe kwa video wanavofanya hao watu wa huko. Nimeona nne nzima. Ntakwambia nilichokiona, mtu anamaliza pesa kwa neno moja tu, maadamu. Maadamu injini iko chini tubadilishe klachi. Maadamu tumefungua hapa tuweke mkanda wa taimingi mpya na pampu ya maji. Maadamu mkono huu umetoka bushi zake zote tuzibadilishe, na beringi, na bomba za breki, na kaliper hizi zimeshika kutu, maadamu ndio tunazipaka rangi kabisa. Hakuna hata moja la kipuuzi, hapo ndipo penye shida, kila maadamu ina haki yake ukiitazama peke yake. Babako alikuwa anapigana na chumvi ya bahari, wewe wapigana na ile wanayoimwaga barabarani wakati wa barafu, kutu ni ile ile, Mazda ya miaka thelathini boliti zake nusu zitakatikia mkononi. Hiyo iko wapi kwa orodha? Iko ndani ya 300?

Na ukaguzi wenu wa gari la kujijengea kabla halijapewa namba, hiyo IVA. Nimesomewa. Kila ukingo wa nje unaoweza kumgusa mtu lazima uwe umeviringwa angalau milimita 2.5, nati zivalishwe vikofia, kelele zisizidi desibeli 99, usukani ujirudishe wenyewe ukiuachia. Ukifeli warudi tena na warudi kwa pesa. Wewe umeandika kama mtu atakayefaulu mara ya kwanza. Ulifeli mara mbili ukitafuta leseni ya kuendesha, sikusemi, nakumbusha. Halafu bima, halafu kreni ya kunyanyulia injini, halafu hita ya hiyo gereji maana Desemba huko vidole havishiki spana, halafu mkeo gari lake atalilaza nje kwenye mvua miaka mingapi?

Ila nikusifu kwa moja, umeandika kando utauza vitakavyobaki vya Mazda, milango, viti, paa. Hiyo ni akili. Lakini usizihesabu kabla hazijanunuliwa, na wanunuzi watakuja kuangalia na utawapa chai, andika.

Kuna kitu kingine mtoto wa jirani ameniambia nikanyamaza dakika tano. Ati hiyo Mazda yenyewe ni gari la spoti. Viti viwili, paa lafunguka. Sasa mwanangu wavunja gari la spoti zima upate kujenga gari la spoti. Mimi sisemi kitu.

Ulinambia hilo lako ni mfano wa Lotus Seven, kile kigari cha spoti cha Kiingereza cha 1957, na watu walikuwa wanakiunga wenyewe nyumbani kwa sababu ni nafuu. Ni kweli, lakini nafuu ile ilikuwa ya kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havitozwi, basi Chapman, mwenye Lotus, akawauzia vipande. VAT ilivoingia mwaka 1973 mlango ukafungwa, na mwaka huo huo Lotus wakawaachia kampuni ya Caterham hilo gari. Kwa hiyo usinambie wajenga kwa sababu ni rahisi. Ukinambia hivo tutagombana. Ukinambia wajenga kwa sababu wataka, hapo sina kalamu.

Ah, lakini nami nasema hivi najisahau. Maana lilitembea. Mwaka 1990, ule ule ambao gari la Nyayo, lile Moi aliloagiza Chuo Kikuu, lilitolewa Kasarani watu wakaliona, matano ya majaribio, yakaishia hapo kwa kukosa pesa, babako alisoma gazeti akacheka mpaka akakohoa, "wao wana hazina ya nchi, mimi nina mweka hazina wa chama." Sikucheka. Jioni ile akanambia panda. Nilikataa. Akasema panda nikupeleke mpaka Bamburi turudi. Nikapanda na buibui na leso, hakuna milango, hakuna kioo cha maana, tukafika juu ya Daraja la Nyali akakanyaga mafuta, upepo ukanichukua leso ikapaa juu ya bahari kama ndege na mimi mzee mzima nikapiga kelele kama mtoto, na yeye aniangalia mimi, haangalii barabara. Leso ile ilikuwa mpya, ya shilingi 90. Niliiandika. Halafu nikaikata, kalamu nyekundu, ndiyo mstari pekee niliokata kwa lile daftari.

Na mwezi uliofuata yule mkaguzi wa magari akalikatalia namba kwa sababu kadi ya gari yasema saluni, yaani gari la paa na milango, na mbele yake kuna beseni, tukazunguka ofisi miezi saba, kwa hiyo usinisikilize sana nikiongea habari za upepo.

Swali lako basi. La kijani lasema shilingi 38,650. Hilo ndilo jibu la babako na siwezi kumbishia marehemu. Langu mimi nilijumlisha mara moja tu, usiku, nikakunja ukurasa. Ni zaidi ya mara mbili, na bado sikuhesabu Jumapili zenyewe. Namba kamili ntakwambia siku lako litakapotembea, ama siku utakapoliuza kwa maboksi, moja wapo.

Shangazi yako anakuja huko Desemba, nimempa la kijani nimelifunga kwa nailoni. Angalia ukurasa wa nyuma, kuna mchoro wa alivoimarisha pale alipounganisha sakafu, labda utakufaa, labda haukufai maana ya kwako yaja imeshachomelewa. Meli yako pia imo. La pili linabaki hapa.

Usije ukadhani nimekataa. Wala sijakubali. Nimeulizwa pauni 7,500 zatosha na mimi ningejibu, jibu ninalo hapa mdomoni, lakini babako aliniomba nisiwe nawaamulia nyinyi watoto mambo yenu na nilimwahidi, ni ahadi ngumu hii.

Mkeo ameiona hiyo orodha? Siulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua kama ameshanunua daftari.

Mamako